Mikono ya Mke Mwenza

Birago alipokatwa titi la kulia, neno la kwanza alilosema mke mwenzake, Mansa, akiwa anamsuka mteja uani, lilikuwa kwamba sasa hata akilala kifudifudi hatapata tabu. Wanawake waliokuwa bombani wakacheka. Mimi nilimchukia siku ile, tena nilimchukia kwa dhati. Nawaambia mapema ili msije mkadhani hii ni habari ya watu wema.

Naitwa Achiaa, fundi cherehani, na nimepanga chumba katika nyumba yao ya mtaa wa Suame tangu mwenye nyumba, marehemu Gyabaah, alipokuwa hai na anauza vipuri vya malori. Nyumba ni ya vyumba vilivyozunguka ua mmoja. Ukipiga chafya kwako, jirani ndiye anayekuombea afya. Vyumba vya wale wanawake wawili vimegawanywa na ukuta ambao haujawahi kuficha kitu, na kwa ukuta huo walitukanana miaka yote niliyowajua.

Birago naye si mtu wa kuhurumiwa upesi. Alikuwa na mgahawa wa fufu, ule ugali wetu wa mihogo na ndizi unaopondwa kinuni, nyuma ya magereji, na hakumwachia mtu kinu chake. Mpondaji akiinua mchi, yeye ndiye aliyeingiza mkono wa kulia kugeuza fufu, kisha akautoa kabla mchi haujashuka, huku akimtukana mteja aliyelalamika kuhusu pilipili. Mafundi wa magari walimwogopa na walimpenda. Walisema supu yake inamfufua mtu, ila mdomo wake unamzika tena.

Mansa ni mdogo kwake kwa umri na kwa cheo. Gyabaah alimchukua, akazaa naye, akamjengea chumba, lakini akafa kabla hajapeleka vinywaji vya posa kwa wajomba zake Mansa, na kwetu bila vinywaji hivyo ndoa haihesabiwi. Siku ya mazishi Mansa alikuja na mkeka wake akaketi pamoja na mjane. Birago aliuvuta mkeka ule mbele ya ukoo mzima, akasema marehemu ameacha mjane mmoja, wengine ni wapita njia. Hakuna aliyemtetea. Mansa alipelekwa nyuma kwenye masufuria pamoja na wapishi wa kukodi, na hata kitambaa cha msiba hakupewa. Nilikuwapo. Nilimwona anamenya viazi vikuu vya wageni waliokuja kumlilia mume wake, na mtu akilia pale jikoni vitunguu ndivyo husingiziwa.

Kwa hiyo mnielewe ninaposema kwamba chuki ya ua ule haikuwa ya kugombea kuku na vifaranga.

Baada ya upasuaji Birago alianza kutundikiwa dawa ya saratani kwa dripu pale hospitali kuu. Nywele zikaondoka, ulimi ukapoteza ladha, akawa anatapika hadi macho yanamtoka. Muuguzi alimfundisha kunusa tangawizi iliyopondwa na kuvuta pumzi polepole kabla sindano haijaingia, akamwambia wazi kwamba hivyo haviui ugonjwa. Dawa inapigana na ugonjwa, alisema, na hivi vingine vinakusaidia wewe kuivumilia dawa. Kisha akamwekea sharti kwamba chochote kitakachoingia mdomoni, kiwe cha majani, cha unga au cha chupa, kwanza kiletwe hospitali kikaguliwe.

Sharti hilo lilimkera mtu mmoja tu, naye ni Dansoa, dada yake Birago, tumbo moja. Dansoa huuza dawa za chupa sokoni, zile chungu zenye rangi ya maji ya kutu, ambazo kwa maneno yake hutibu mgongo, utasa, kisukari na mkosi. Alikuja na chupa zake kila wiki, na kila wiki Birago alizipanga chini ya kitanda bila kuzifungua. Mimi sina ugomvi na majani. Bibi yangu alinilea kwa majani. Ugomvi wangu ni na yule anayemwambia mgonjwa tupa ile, shika hii yangu, halafu mgonjwa akifa anakuwa wa kwanza kuvaa nyeusi.

Kisha mkono ukaanza kuvimba. Ulikuwa ule ule wa kulia, wa kinu, kwa sababu walipokata titi walitoa na tezi za kwapani. Ulijaa kutoka begani hadi vidoleni, pete ikakatwa kwa koleo la gereji. Birago aliacha kusalimia watu. Kwetu humpi mtu mkono wa kushoto hata kama wa kulia umeungua, na yeye wa kulia hakutaka uonekane, basi akaufunika kwa kitenge na kushinda ndani. Mkono ulimvunja moyo kuliko titi. Hapo ndipo alipoanza kusema hataki tena kutundikiwa dawa, kwamba wamemchukulia kifua na sasa wanamchukulia riziki. Mizunguko ya dawa ilikuwa bado. Niliogopa. Nilijua akiiacha tutamzika.

Hospitali kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa kabila la Kiewe aitwaye Delali, mpole lakini hapindishi maneno. Alisema mkono ule unaweza kupungua ukikandwa kila siku kwa namna maalumu kisha ukafungwa bandeji, na akataka mtu wa nyumbani aje afundishwe. Dansoa alisema ana soko. Nikaenda mimi. Delali alinitazama nikisugua kidogo tu, akauondoa mkono wangu taratibu.

"Mama, unapiga pasi?" aliniuliza.

Ni kweli, napiga pasi. Mikono yangu imezoea pasi ya mkaa na jinzi za mafundi, haijui kugusa bila kukandamiza. Delali alisema anahitaji mikono myepesi, ya mtu anayeweza kumgusa mtoto aliyelala bila kumwamsha. Nilirudi nyumbani nimekasirika, kwa sababu nilijua mikono hiyo ni ya nani. Watoto wa Suame nzima, wale wanaolia wakiona chanuo, kwa Mansa walisinzia wakisukwa.

Nilimkuta uani na kichwa cha mteja mapajani. Nikamweleza. Hakuinua macho.

"Nikamkande yule?" alisema. "Achiaa, umekosa kazi."

Nikamwambia atakufa.

"Wengi wamekufa. Wengine nilipikia wageni wao."

Nikageuka niende zangu. Nilikuwa nimefika mlangoni kwangu aliponiita. Alisema atakwenda hospitali, ila nisije nikamwita mwema, amechoka tu kumsikia mtu akigumia ukutani wakati yeye anataka kulala.

Kule hospitali Delali aliuliza, kama wanavyouliza wote, huyu ni nani wako. Birago alijibu kwamba ni mpangaji. Mansa alikunja mdomo, akajifunza. Alianza shingoni, akashuka kifuani, akarudi begani, kisha mkono wenyewe kipande kwa kipande, kila mpapaso ukielekea juu, mwepesi, na mafuta ya shea kidogo ili ngozi isikwaruzike. Delali alisisitiza maji ya moto hapana, kukandamiza hapana, na ngozi ikiwa nyekundu au homa ikipanda, acheni kila kitu mje. Mansa alirudia yote mara moja bila kukosea. Birago alitazama dari muda wote.

Basi asubuhi zote, kabla wateja wa nywele hawajafika, Mansa alitoka na kopo la mafuta, Birago akatoka na stuli, wakakaa kibarazani penye mwanga. Ungewasikia ungedhani wanapigana.

"Kichwa kama yai la bata," Mansa alisema siku moja huku akimpapasa shingo. "Nikusuke nini leo, masikio?"

"Jisuke ulimi."

"Ulimi wangu angalau una ladha. Wako unalamba supu kama unalamba ukuta."

"Hata ukuta una ladha kuliko mapishi yako. Marehemu alikuwa anakula kwako, halafu anakuja kwangu kula."

"Lakini alikuwa analala wapi, bibi wee?"

Mikono haikusimama hata kidogo. Hicho ndicho kilichonishangaza mimi niliyekuwa nashona pembeni, nikijifanya sisikii. Mdomo ulikuwa unachoma na vidole vinapapasa, kana kwamba ni vya watu wawili. Na Birago, aliyekuwa hatabasamu tena, alianza kungoja asubuhi ili apate wa kumtukana. Mkono ukapungua, vifundo vya vidole vikaonekana. Siku za dawa alikwenda mwenyewe bila kusukumwa, ana tangawizi yake kwenye leso. Aliniambia saa ile ya kibarazani ndiyo pekee ambayo mwili wake unakuwa wake. Nikamwuliza kwa nini asimwambie Mansa mwenyewe. Akanitazama kama nimemtukania mama.

Haya yangeendelea hivyo, na mimi ningekuwa na amani, kama si Dansoa kwenda kwa nabii.

Nabii huyo ana kambi ya maombi nje ya mji, barabara ya Mampong. Dansoa alimpelekea kitenge cha dada yake, nabii akaota, akamwambia kuna mwanamke anamgusa mgonjwa kila siku na ugonjwa unatoka kwake. Sasa, nabii gani angekosa hapo? Mtaa mzima ulijua nani anamgusa Birago kila siku. Hata mbuzi wa Suame wangeota ndoto hiyo. Lakini Dansoa alirudi nayo Jumapili, watu wote wakiwa nyumbani, akasimama katikati ya ua wakati Mansa ana mafuta mikononi.

"Anayekukanda ndiye anayekula," alimwambia dada yake. "Kifua amekula. Mume alimla. Sasa anapima mkono."

Watu waliacha kuosha vyombo. Neno uchawi kwetu si la mchezo, mtu anaweza kufukuzwa kwalo, akapigwa, akafa nalo. Mansa aliinuka. Hakumjibu Dansoa. Alimtazama Birago, akangoja. Neno moja tu lingetosha, hata tusi lingetosha, mradi limwelekee Dansoa.

Birago aliangalia vidole vyake vya miguu.

Nilitamani kumpiga, mgonjwa alivyo. Mansa alijifuta mikono kwenye khanga yake, akaweka kopo la mafuta chini, polepole, akaingia kwake na kufunga mlango. Toka siku hiyo akawa anasukia wateja kwa jirani.

Dansoa akashika yeye kazi ya kukanda. Na akaifanya kama tunavyowafanyia wazazi wapya, maana huko ndiko alikojifunza kukanda. Maji yalichemka, taulo likatumbukizwa na kukamuliwa, likabandikwa kwenye mkono likiwa bado linafuka moshi, kisha akakandamiza kwa uzito wa mwili wote, kama anatoa damu chafu tumboni. Nilimwambia hospitali walikataza moto. Akaniuliza mimi nimezaa mara ngapi. Birago alipiga kelele hadi mafundi wa gereji wakachungulia, na Dansoa akasema kelele ni nzuri, ubaya unatoka.

Mkono ukarudi kuvimba kuliko mwanzo, ukawa mwekundu, na homa ikamtetemesha. Tulimkimbiza hospitali akalazwa. Daktari alisema ngozi imeungua, uambukizo umeingia, na dawa ya saratani haiwezi kutundikwa mpaka homa iishe. Delali alikuja kitandani, akaushika mkono kwa macho tu. Aliuliza yule mwenye mikono myepesi yuko wapi. Akasema homa ikishaisha kabisa, na daktari akiruhusu, yule mama aanze tena, na si mtu mwingine yeyote.

Birago alitoka hospitali homa imeisha na daktari ameruhusu kukandwa, lakini amekata tamaa. Dansoa alikuwa ameshampangia nafasi kwenye kambi, huko ambako wagonjwa hufunga kula na vidonge hutupwa mlangoni. Gari lilikuwa lije Jumanne. Alhamisi ndiyo alitakiwa arudi kutundikiwa dawa. Nilikwenda chumbani kwake nikamwambia bila kumung'unya maneno kwamba akipanda gari lile hatarudi, na kwamba anaogopa kumwomba radhi mwanamke mmoja kuliko anavyoogopa kufa, na huo ni ujinga. Alinitukana mpaka kizazi changu cha nne. Kisha akalia, akaniambia nimpelekee Mansa mayai.

Mayai ndiyo namna yetu ya kupoza moyo wa mtu, pamoja na mtu wa kati anayejua kusema. Niliyapanga kwenye bakuli, nikaenda, nikasema maneno yote yanayosemwa. Mansa alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nifanye nini nayo, nikaange?" alisema. "Nimeitwa mchawi mbele ya watu, naombwa radhi kupitia dirishani. Rudisha mayai. Mwambie aje mwenyewe, uani, wale wale wawepo. Na sitaki aseme habari ya uchawi. Aseme mimi nilikuwa nani kwa Gyabaah."

Nilimpelekea Birago maneno hayo kama yalivyo. Alijigeuzia ukutani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini yule mwanamke hajawahi kuinama, hata sarafu ikianguka alikuwa anamwita mtu aiokote.

Jumanne asubuhi gari la kambi lilifika, likapiga honi nje ya lango. Dansoa aliingia, akabeba begi la dada yake, akatangulia. Birago alitoka nyuma yake amevaa vizuri, kichwa kimefungwa. Nilikaa kwenye cherehani yangu sikuweza hata kuingiza uzi. Wanawake walikuwa bombani kama kawaida. Mansa alikuwa mlangoni kwake anafagia.

Katikati ya ua Birago akasimama.

"Nyinyi wa bombani, fungeni maji kidogo," alisema. "Nataka mnisikie. Mansa alikuwa mke wa Gyabaah. Fufu lake lina mabonge, mdomo wake hauna mlango, na mimi simpendi. Lakini alikuwa mke. Gyabaah aliniambia kwa kinywa chake kwamba vinywaji vya posa atapeleka, mimi ndiye niliyemzuia. Na siku ya msiba niliuvuta ule mkeka huku najua."

Dansoa alirudi mbio kutoka langoni. Akasema dada amelogwa sasa kabisa, wote tumejionea. Birago hakugeuka. Alikuwa anamtazama Mansa, kama siku ile Mansa alivyomtazama yeye.

Mansa aliuegemeza ufagio ukutani. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasema moyoni basi, imekwisha, amekataa. Honi ikapigwa tena. Dansoa akaushika mkono wa kushoto wa dada yake amvute.

Ndipo ukasikika ukelele. Si kilio cha mtu aliyeumizwa, hiki kila mwanamke wa kwetu anakijua, ni kilio anachokitoa mjane maiti ya mumewe inapotolewa chumbani. Mansa alimwita Gyabaah kwa jina lake, kwa jina la ukoo wake, kwa majina ya kitandani ambayo hakuna aliyejua kwamba anayajua. Alimwuliza amemwachia nani. Alimwuliza nani atamwitikia hodi langoni. Aliyalia yote aliyoyameza kule kwenye masufuria, na sauti ikatoka nje ya ukuta hadi barabarani. Mafundi wakaja na spana mikononi. Majirani wakaingia wakivaa khanga vizuri, kama watu wanaoingia msibani, wakiulizana. Dereva wa kambi naye alishuka garini akavua kofia.

Dansoa alitazama huku na huku. Nadhani kwa mara ya kwanza aliogopa.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Mume wetu," alisema Birago.

Akajitoa kwenye mkono wa dada yake, akaenda hadi mlango wa Mansa, akausukuma. Nilimfuata kwa sababu nilidhani ataanguka. Mansa alikuwa ameketi sakafuni, uso umelowa, kitambaa cheusi amejitupia begani. Birago hakujua kuomba radhi, lakini msibani anajua kuingia kama sisi wote. Alivua viatu. Akakifungua kitenge alichokuwa ameficha nacho mkono, akautoa ule mkono wa kulia, umevimba, ngozi inang'aa, akamnyooshea mfiwa kumpa pole.

Mansa aliutazama kuanzia begani hadi vidoleni. Kisha akaupokea kwa mikono yake yote miwili.

"Asante kwa kuja," alisema.

Na bila kuuachia, akaniambia niende nikamletee mafuta.